Pete ya Bati Chini ya Sensa

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana: mume wangu amehamia ng'ambo ya barabara kwa mke mwingine, na gereji tuliyoianzisha wawili ameivusha pamoja naye. Amevusha mafundi, jeki, wateja, hata kibao cha mlangoni ambacho herufi zake nilizichora mimi. Mimi nimebaki na banda la umeme wa magari kwenye kona ya ua wa mama yake. Ndani mna meza ya kazi, kitanda nyuma ya pazia, na mita yangu ya kupimia. Nje hamna mteja.

Niliishia pale mama mkwe alipokuja bandani, akasimama kizingitini bila kuingia, akaniambia gari lake limekuwa likizima njiani. Akaniambia pia kwamba mwanawe, yaani mume wangu, amesema aliyelifanya lizime ni mimi.

Nilimwomba anieleze tangu mwanzo. Alinieleza akiwa amesimama vilevile.

Gari lenyewe ni dogo, jeupe, na anayeliendesha kama teksi ni kitinda mimba wake. Mtaa mzima unamwita Kitinda, ingawa ana ndevu na deni la kinyozi. Siku za karibuni gari likipunguza mwendo tu linakufa. Kuliwasha tena ni kubembelezana nalo. Juzi lilizima katikati ya njia panda, lori likapita karibu kiasi cha kuking'oa kioo cha pembeni. Kitinda alirudi nyumbani kwa miguu.

Basi likapelekwa ng'ambo ya barabara. Mume wangu, ambaye kwa mafundi jina lake ni Spana, akalichomeka kompyuta ya kusomea hitilafu. Kompyuta ikataja sensa ya kranki, kidude kinachosoma mzunguko wa injini. Akachungulia chini na kuona waya wa sensa hiyo una kiungo, na kiungo kimezungushiwa tepu nyeusi kwa namna ninavyozungusha mimi. Ni kweli. Panya walikuwa wameutafuna waya ule, nami niliulehemu.

Spana akafunga boneti. Akasema kazi iliyoguswa na fundi mwingine haiguswi mpaka mwenyewe awepo.

Hiyo ni sheria ya gereji, na ni sheria nzuri. Inazuia lawama. Safari hii aliitumia kunisontea kidole. Alimwambia mama yake kwamba mwanamke aliyewekwa kando hakosi la kufanya, na kwamba mtu anayetega gari la familia hafai kulala katika ua wa familia.

Wangekaa kikao Jumamosi alasiri. Nikionekana ni mimi, ningefungasha siku hiyohiyo.

Niseme wazi, ili msomaji ajue uzito wake. Wazazi wangu wametangulia. Dada yangu ana nyumba ya vyumba viwili na watu tisa. Mimi na Spana hatukujaliwa mtoto. Banda lile ndilo chumba changu, ndiyo kazi yangu, na ndiyo anwani yangu. Sina la pili.

Sikulia. Nilimwomba mama mkwe ufunguo wa gari.

"Nitakupa nikiwepo," alisema. "Midomo nimeichoka. Nataka kuona kwa macho."

Sikuchukia. Ndivyo ningejibu mimi.

*

Kupima sensa ya kranki ni kazi ya watu wawili.

Kipimo cha kwanza unaweza kukifanya peke yako, injini imelala. Cha pili hakiwezekani. Mmoja lazima akae kwenye kiti apige stata, na mwingine awe chini ya gari anasoma mita injini inapozunguka. Miaka yote aliyekaa kwenye kiti alikuwa Spana. Nilikuwa nikigonga bodi kwa mpini wa bisibisi, mara moja azungushe, mara mbili aache. Hatukuwa tukisemezana. Watu walidhani tumegombana, kumbe tulikuwa kazini.

Sasa nilihitaji mkono wa kuzungusha ufunguo, basi. Mtaa mzima haukuwa nao.

Nilimwendea fundi viatu wa pale kona. Akasema mgongo unamsumbua, na alikuwa amebeba gunia. Nikamwita fundi mmoja wa ng'ambo, niliyemfundisha kushika koleo. Akanijibu kwa heshima sana kwamba tajiri wake ana macho marefu. Mwingine alijifanya hakusikia, akapandisha redio.

Akabaki Kitinda. Katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyekuwa bado anaingia bandani. Mchana, akiwa hana abiria, alikuwa akija na chupa ya chai, anakaa juu ya betri kuukuu, ananiuliza hiki ni nini na kile ni nini. Nilikuwa nikimweleza. Sikumbuki aliwahi kunikatalia jambo.

Siku ile alikataa. Alisema kichwa kinamuuma, akajifungia chumbani.

Nilirudi kwenye gari na kuzunguka boneti. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akinitazama nikirudi mikono mitupu.

"Kwani mimi sina mikono?" akaniuliza.

Mama mkwe wangu alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la mazao mpaka alipostaafu. Hajawahi kunipenda, na hajawahi kunificha hilo. Nilipoolewa alisema mwanamke mwenye bisibisi masikioni kama kalamu hatamwangalia mume. Hata hivyo hajawahi kuniambia jambo ambalo baadaye nilikuta si kweli.

Aliingia kwenye kiti cha dereva kama mtu anayepanda kitanda cha hospitali. Akashika usukani kwa mikono yote miwili.

"Nakanyaga wapi?"

"Hukanyagi popote, mama. Ufunguo tu."

"Dereva gani hakanyagi?"

"Wewe si dereva. Wewe ni shahidi."

Hilo lilimkaa vizuri. Akaachia usukani, akatengeneza mtandio wake. Kisha, kabla sijainama, akanizuia.

"Hiyo mita yako. Nani kaipima?"

Wateja wengi wamewahi kuniuliza maswali, wenye magari makubwa na miwani mizuri. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikagusanisha ncha mbili za mita mbele ya uso wake ili aone inasoma sifuri. Nikapima betri ya gari, volti kumi na mbili na nusu, nikamwonyesha. Akaniambia kwamba ghalani kulikuwa na jiwe la chuma la kilo ishirini, la serikali, na kila asubuhi lilianza jiwe kupanda mizani, mkulima baadaye. Karani aliyeruka jiwe alikuwa ama mvivu ama mwizi.

Nikaanza.

Sensa ya kranki haizidi kidole gumba. Imefungwa kwa bolti moja ubavuni mwa injini, na ncha yake inalitazama gurudumu la chuma lenye meno. Ndani mna sumaku na waya mwembamba uliosokotwa. Kila jino likipita mbele ya ncha, sensa inatoa umeme kidogo sana. Kwa umeme huo kompyuta ya gari inajua injini imefika wapi na cheche ipigwe lini. Sensa ikinyamaza, kompyuta haijui kitu, na gari linazima.

Nilichomoa soketi na kupima ukinzani kati ya pini zake mbili. Omu mia nane. Inavyotakiwa.

"Maana yake nini?" sauti ilitoka juu ya usukani.

"Waya wa ndani haujakatika."

"Kwa hiyo ni nzima."

"Kwa hiyo haijafa. Uzima hatujaupima bado."

Nikapima kiungo changu, kile cha tepu nyeusi. Nilikivuta, nikakipinda, nikakitikisa, na mita ikaendelea kulia mlio mmoja bila kukatika. Kiungo kilikuwa salama. Nilimwita ashuke, aje akivute mwenyewe. Alikivuta kwa nguvu ambayo nisingeipendekeza kwa waya wowote. Mlio haukukatika.

Alirudi kwenye kiti.

Kipimo cha pili ndicho kilichonipa shida, kwa sababu shahidi wangu hangeweza kuwa juu anazungusha na wakati huohuo chini anasoma. Nikaunga nyaya ndefu kwenye ncha za mita na kuilaza kwenye kioo cha mbele, chini ya waipa, uso wake ukimtazama yeye. Gia ilikuwa huru na gurudumu nimelikingia jiwe. Nikamwambia azungushe ufunguo, asome kwa sauti, aache.

Stata ikalia. Na ndani ya gari mama mkwe wangu akapaza sauti aliyoitumia ghalani maisha yake yote.

"Sifuri nukta sifuri saba!"

"Tena, mama."

"Sifuri nukta sifuri saba. Sifuri nukta sifuri nane. Sifuri saba."

Ng'ambo ya barabara redio ilishushwa. Walikuwa wanasikiliza.

Injini inapozungushwa na stata, sensa ile inapaswa kutoa karibu nusu ya volti. Ilikuwa haifikishi hata sehemu ya kumi ya volti moja. Waya mzima, kiungo kizima, na sauti haitoki. Kwa fundi hilo lina maana mbili tu. Ama sumaku imechoka, ama sensa iko mbali na meno. Nafasi kati yao haitakiwi kuzidi unene wa ukucha.

Niliingia chini ya gari na spana namba kumi, nikafungua bolti, nikaitoa sensa.

Chini yake palikuwa na pete ya bati.

Nilitoka nayo kiganjani. Mama mkwe alikuwa ameshuka tayari. Nilimweleza ninachokijua na si zaidi: hiki si kitu cha kiwandani, kimekatwa kwa mkono, kimewekwa hapa ili sensa ikae mbali na meno, na gari lilipokuwa likienda kasi sensa ilisikika kwa shida, likipunguza mwendo haikusikika kabisa. Nikairudisha sensa bila ile pete. Akapanda, akazungusha.

"Sifuri nukta nne tano," akasoma. Na kwa sauti ndogo, "Nne sita."

Alikaa mle ndani bila kushuka. Mkono wake ulikuwa bado kwenye ufunguo.

"Nani?" akaniuliza.

"Mita haisemi nani, mama."

"Sijaiuliza mita."

Pete ile ilikatwa kutoka kwenye kifuniko cha kopo la grisi. Rangi ya kijani ilikuwa bado iko upande mmoja. Na haikuwa mviringo hasa. Ilikuwa na kona, kwa sababu aliyeikata alipiga mkasi mistari iliyonyooka, mfupi kwa mfupi, bila kusumbuka kuizungusha. Pete za namna hiyo nimeziokota kwenye mifuko ya suruali za mtu mmoja tangu siku ya kwanza nilipofua nguo zake.

Nikamwambia.

Sikuona furaha kusema, wala sikuona uchungu. Nilikuwa na ushahidi, na ushahidi ulikuwa na kona sita. Mama mkwe aliichukua pete ile, akaigeuza upande wa kijani, upande wa bati, upande wa kijani.

"Mwanangu angeweza kumuua mdogo wake," alisema. Hakuwa ananiambia mimi.

Halafu akaninyooshea.

"Irudishe."

Nilifikiri sikumwelewa.

"Irudishe ilipokuwa. Kaza kama ulivyoikuta. Nikiingia kwenye kikao na bati mkononi, kila mtu atasema umeikata wewe leo asubuhi. Nataka gari liwe gonjwa Jumamosi, na kila mmoja alishike mbele yangu. Aliyeweka kitu hawezi kukaa ametulia mtu mwingine anapokikaribia."

Nikairudisha. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ufundi kukaza ugonjwa kwa makusudi, na niliukaza vizuri.

*

Ijumaa hakuna aliyekuja bandani. Nilipanga fyuzi kwa rangi, nikazipangua, nikazipanga kwa ukubwa. Mchana nilichemsha maji ya chai, kisha nikagundua nimechemsha ya watu wawili. Nikanywa yote. Ng'ambo mtu alikuwa akipiga stata kwenye gari moja tena na tena, na kila akipiga nilijikuta nasubiri mlio wa bisibisi kwenye bodi.

Nilijaribu kumchukia Spana na nikafanikiwa kiasi. Kilichonisaidia ni zile kona.

*

Jumamosi viti vinne viliwekwa uani, gari katikati. Spana alivuka barabara akiwa amevaa shati la pasi badala ya ovaroli. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona kwa karibu tangu ahame. Amenenepa shingo. Alimsalimia mama yake, akaitikia salamu yangu kwa kidevu, akaketi. Kitinda alikuja mwisho, akachagua kiti kilichokuwa mbali na changu. Nilimuuliza hali ya kichwa. Akasema kimepoa, asante, bila kunitazama.

Mama mkwe hakufungua kwa maneno marefu. Alisema hataki jina la mtu kwanza, anataka ugonjwa kwanza. Mkubwa aanze.

Spana akalalamika kwamba sheria inasema mwenye kiungo awepo.

"Si huyo hapo," mama yake akamjibu. "Au unataka nikuletee na kitanda chake?"

Akavua shati la pasi, akabaki na fulana. Nilikaa nikitazama macho yake. Nilitegemea yaikwepe sensa, au yaiendee upesi kuliko inavyostahili. Hayakufanya lolote kati ya hayo. Alifungua boneti, akachomoa soketi, akapima ukinzani kwa mita yake. Akaingia chini na kukipima kiungo changu. Alichukua muda. Alikivuta, akakipinda, akakipima tena, na mimi nikajua anatafuta kosa langu kwa nia moja na kwa uaminifu, kama fundi.

Alitoka chini akijipangusa.

"Kiungo ni kizuri," akasema.

Msomaji, ningeweza kusema nilifurahi. Nilichofanya ni kuhesabu upya. Mtu aliyetega pete ile, akitaka nifukuzwe, asingesema kiungo changu ni kizuri. Angekata waya kwa ukucha pale chini na kunyanyuka na ushahidi. Nilikuwa nimempa mama yake jina, na jina lilikuwa si lenyewe.

"Basi sensa yenyewe imechoka," Spana akaendelea. "Ngoja niitoe tuione."

Akanyoosha mkono kwenye kisanduku chake na kushika spana namba kumi.

"Kaka, acha, utachafuka," Kitinda akasema. Alikuwa amekwisha simama. "Nitaitoa mimi."

"Wewe? Tangu lini?"

"Najua ilipo."

Aliichukua spana mkononi mwa kaka yake kabla haijatolewa, akaingia chini ya gari kwa mgongo, haraka, na viatu vyake vikabaki vinatutazama. Tulisikia bolti ikizunguka. Mama mkwe alikuwa ameacha kujipepea.

Kitinda akatoka. Mkono wa kulia ulikuwa na sensa. Akamkabidhi kaka yake.

"Na wa kushoto?" mama yake akauliza.

"Wa kushoto una nini, mama?"

"Ndiyo nauliza mimi."

Ulikuwa umefumbwa. Alipoufumbua hakuufumbua wote, na pete ya bati ikaanguka chini, ikazunguka kwa zile kona zake na kulala karibu na mguu wa kiti changu.

Spana ndiye aliyeiokota. Aliitazama upande wa kijani.

"Hii imekatwa kama zangu," akasema, na akamtazama mdogo wake. "Nilikufundisha mimi kukata hivi. Ulipofeli mtihani, ukakaa kwangu."

Hapo ndipo kila kitu kilipojipanga mahali pake, kwa ubaridi, kama mambo yanavyojipanga yakiwa ya kweli. Mkono wa kukata alifundishwa na kaka. Lakini kujua kwamba sensa ikisogezwa kwa unene wa bati inafifia, mita isione kitu kwenye kipimo cha kwanza, na kompyuta itaje jina bila kutaja sababu, hilo hakufundishwa ng'ambo ya barabara. Kule hawapimi, wanabadilisha. Hilo alifundishwa akiwa amekaa juu ya betri kuukuu, kikombe mkononi. Mimi ndiye niliyemwonyesha unene wenyewe, kwa ukucha wangu.

Mama mkwe alimuuliza kwa nini, mara moja tu.

Kitinda alijibu akiitazama ardhi, na maneno yake nayaandika yalivyokuwa.

"Hakuna anayempelekea kazi, mama. Kaka amewakataza wote. Anashinda mle ndani anapanga fyuzi. Nikasema gari letu likiugua ugonjwa wa umeme, ugonjwa anaouweza yeye peke yake, utalipeleka kwake. Atalitengeneza, watu wataona, watarudi. Sikujua utalipeleka ng'ambo kwanza. Sikujua wataona tepu yake. Na pale njia panda… sikujua litazima pale."

Spana alikuwa ameshika pete kwa vidole viwili kama kitu cha moto. Mama mkwe alifumba macho, akayafumbua.

Kikao kilikuwa kimekwisha. Ugonjwa ulikuwa umepatikana, aliyeuweka amejitaja, na kiungo changu kimesifiwa na mtu mwenye sababu zote za kukiponda. Banda lilikuwa langu. Nilisimama niende nikaiweke sensa mahali pake, kwa sababu ilikuwa bado iko nje na vumbi linaingia.

"Kaa," Spana akasema.

Alikuwa hajanisemesha tangu alipofika. Sasa pia hakunitazama. Alikuwa akimtazama mdogo wake, na aliuliza taratibu kama mtu anayefuatisha waya kwa kidole.

"Ulijuaje anashinda akipanga fyuzi?"

"Namwona."

"Unamwona ukiwa wapi?"

"Nikienda pale."

"Unakwenda lini?"

"Mchana."

"Kila mchana?"

Kitinda aliitazama spana iliyokuwa bado mkononi mwake.

"Ulikaa kwenye gari hilo ukijua litazima," Spana akasema. "Siku nzima, katikati ya malori. Mtu haweki shingo yake rehani kwa ajili ya shemeji tu."

Nilisubiri Kitinda acheke. Ndivyo anavyofanya akisemwa jambo la kijinga, anacheka kwanza, anajibu baadaye. Hakucheka. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Aliinua uso na kunitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu akatae kunizungushia ufunguo.

"Sema, shemeji," akaniambia. "Au niseme mimi."

Niseme nini? Niliipitisha michana ile yote kichwani, chai kwa chai, swali kwa swali, nikitafuta jambo ambalo lingeitwa jambo. Sikulipata. Hakuwahi kunigusa hata mkono. Lakini alikuwa akinitazama kama mtu mwenye hakika kwamba lipo, na kwamba mimi pia najua.

Mama mkwe aliinuka, akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, akaketi.

"Mkwe," akasema. "Wewe hunidanganyi, nami sikudanganyi. Kama hakuna kitu, sema hakuna, tuondoke hapa."

Nikafungua mdomo niseme hakuna. Ni neno fupi, na nilikuwa nalo tayari ulimini.

Halikutoka; nilikumbuka Ijumaa, nilipochemsha chai ya watu wawili.